Muulize Fundi: Windows Home ama Pro, nilipie ipi?

Mwezi huu sanduku letu limejaa swali moja tu, sijui mliambiana. Tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft walipoacha kuilinda Windows 10, kila mtu kuanzia Nakuru hadi Busia ama amenunua laptopu nyingine ama amepeleka ile ya zamani kwa fundi ipandishwe iwe 11, na hapo kaunta ndipo anapoulizwa kuhusu yale matoleo mawili ya Windows, unataka Home ama Pro? Na anayeuliza huwa tayari ako na bei mdomoni. Nimechagua barua chache, zingine nimezikata maana kuna mtu aliandika kurasa tatu na mbili zilikuwa za shemeji yake.

Baba wa binti mmoja, Lanet, Nakuru

Habari fundi. Binti yangu ameitwa Egerton kusomea uhasibu. Nimepata laptopu ex-UK hapo mjini, HP EliteBook, jamaa anasema ni elfu ishirini na nane lakini hiyo ni bei ya Windows Home, nikitaka Pro niongeze elfu nne. Anasema Home ni ya watoto kucheza gemu na huko chuo itamsumbua. Mimi ni mtu wa matatu hizi vitu sizijui, na elfu nne ni shopping ya mtoto ya mwezi mzima hosteli. Niongeze ama niache?

Jibu: Mzee, hizo elfu nne zirudishe mfukoni kwanza halafu tuongee.

Chuo hakiulizi kama ni Home ama Pro. Word itafunguka, Excel itafunguka, matokeo ataangalia kwa brauza na brauza haina habari hiyo Windows inaitwa nani. Kwa vile wewe ni mtu wa matatu wacha nikuambie hivi, chukua Nissan mbili, injini moja, viti kumi na vinne, spidi ileile, ila moja imefungwa trakingi na vifaa vya kumwezesha mwenye gari aamue akiwa nyumbani dereva aguse nini na asiguse nini. Abiria hataona tofauti, dereva hataona, mwenye magari kumi ndiye atalala usingizi. Hiyo ndiyo Pro. Binti yako ako na gari moja, dereva ni yeye na mwenye gari ni yeye.

Lakini hilo silo lililoniudhi kwa hiyo hadithi. EliteBook ni mashine ya ofisi, sawa na ThinkPad na Latitude, kule Uingereza zilinunuliwa na makampuni na makampuni kwa kawaida hununua Pro. Na tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012 ufunguo wa leseni kwa mashine kama hizi haukai tena kwa stika chini ya laptopu, unaandikwa kiwandani ndani ya madabodi yenyewe, ile bodi kuu ya mashine. Fundi akifomati na kuweka Windows upya, inausoma ule ufunguo na ikipata intaneti leseni inakubali bila wewe kuandika chochote. Kwa hivyo kuna uwezekano mkubwa huyo jamaa anakuuzia kitu ambacho kampuni fulani ilishakulipia miaka mitano iliyopita. Wewe unajua abiria aliyelipa stage akiitishwa nauli tena njiani huwa anasema nini.

Angalia ukiwa palepale dukani, usingoje ufike nyumbani. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, bonyeza Enter, kijidirisha kitakachotokea kitakuambia kama ni Home ama Pro. Kisha bonyeza Windows na R tena uandike slmgr /dli, ngoja kidogo maana huwa inakaa kama imesahau, na ukiona neno OEM_DM basi hiyo leseni ilikuja na mashine. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT uliza maswali, hiyo ni leseni ya aina inayowekwa na taasisi kubwa na wewe si taasisi, nitalieleza kwa mwalimu wa Kimilili hapo chini.

Kitu kikubwa kuliko Home na Pro kwa hiyo laptopu ni prosesa, ule ubongo wa mashine. Soma namba iliyo baada ya kistari, i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-6300U ni cha sita, i5-10210U ni cha kumi. Kwa Intel Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, ramu isiyopungua GB 4 na diski ya GB 64, na masharti ni yaleyale kwa Home na kwa Pro. Za kizazi cha sita utaziona zimewekwa 11 kwa njia ya panya na zinatembea vizuri tu, lakini Microsoft hawaahidi kuziletea apdeti, na unamnunulia mtoto laptopu ya kukaa chuoni miaka minne, si wiki mbili. Kama ni ya sita iache hata wakupunguzie. Kama ni ya nane na ramu ni GB 4, hapo sasa toa zile elfu nne uongeze ramu ifike 8, hiyo ataiona kila siku.

Mwenye kliniki, Kondele, Kisumu

Fundi salama. Niko na kliniki ndogo, tuko watu wanne. Mwezi uliopita kijana wetu wa mapokezi alibeba laptopu kwenda kumalizia ripoti nyumbani, wakamnyang'anya njiani. Ilikuwa na paswadi kwa hivyo sikuogopa sana lakini dadangu ananiambia paswadi si kitu. Ndani kuna majina ya wagonjwa na dawa wanazotumia, zingine ni zile dawa za kila siku, unaelewa. Sasa tunanunua zingine tatu mpya na dukani zote ni Home. Nichukue hizo ama nitafute Pro?

Jibu: Daktari pole, natumai kijana hakuumizwa. Na dadako amesema kweli.

Kuna jamaa wa duka la jumla aliwahi kunibishia hivyohivyo. Nikamwambia lete laptopu yako, paswadi usinitajie. Nikaigeuza, nikafungua skrubu za chini, kifuniko kikatoka, ndani kuna SSD, ile diski inayobeba faili zote, nyembamba kama kipande cha Big G imeshikwa na skrubu moja. Nikaichomoa, nikaitia kwa kijumba cha USB, nikachomeka kwa laptopu yangu, ikatokea kama flashi. Nikafungua folda ya Users, nikabonyeza jina lake, Windows yangu ikasema huna ruhusa ya kuingia hapa, na chini ya hayo maneno ikaweka kitufe cha Continue. Nikabonyeza. Kitambulisho cha mke wake, madeni ya wateja, barua ya kuomba mkopo, vyote. Chai yake ilikuwa bado inatoa moshi. Paswadi ni ya mlango, na mimi sikupitia mlangoni, nilibeba sanduku nikalifungulia kwangu.

Dawa yake ni kuifunga diski yenyewe kwa maandishi ya siri, ili ukiichomoa na kuipeleka kwa mashine nyingine uone takataka tu. Kifaa cha kufanya hivyo kwa Windows kinaitwa BitLocker na hapa ndipo Pro inaanza kula pesa yake kihalali. Ukiwa na Pro unaamua mwenyewe diski gani ifungwe, ufunguo wa akiba ukae wapi, unaweza kuweka PIN inayoulizwa kabla hata Windows haijaamka, na unaweza kufunga flashi, ambazo kwa kliniki nadhani ndizo hatari zaidi maana flashi hupotea bila hata kuibiwa. Ukishafunga flashi kwa mashine ya Pro, mashine ya Home inaweza kuifungua kwa paswadi, ila yenyewe haiwezi kuifunga.

Sasa nisikudanganye kwamba Home iko uchi. Home nayo iko na kaka mdogo wa BitLocker, inaitwa Device encryption, na kwa mashine mpya zinazokuja na Windows 11 toleo la 24H2, lile la nusu ya pili ya 2024, kwenda juu huwa inajiwasha yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft. Haina mambo mengi, ni kuwasha na kuzima tu, na ufunguo wa akiba unaenda kwa ile akaunti. Kwa hivyo kama pesa ya Pro haipo mwezi huu, chukua Home, ingia Settings, kisha Privacy & security, hakikisha Device encryption imewaka. Home iliyofungwa diski inashinda Pro ambayo mwenyewe hajawahi kuiwasha BitLocker, na hizo za pili nimeziona nyingi.

Kwa kliniki lakini ningelipa Pro, haraka tu. Huhitaji kubadilisha laptopu wala kufomati, kutoka Home kwenda Pro unalipia kwa duka la Microsoft lililo ndani ya Windows, ni kama dola 99, yaani shilingi 13,000 hivi kwa kila mashine, inajizima na kuwaka na faili zako ziko palepale. Kama tatu ni nyingi anza na ile inayobebwa kwenda nje. Ama badala ya mpya utafute ex-UK za kizazi cha nane zenye Pro yake tayari, kama nilivyomwambia mzee wa Lanet.

Na hiyo iliyoibiwa usiinyamazie. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na mtu asiyeruhusiwa akizipata na kuna hatari ya kuwadhuru wenyewe, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue. Saa hizo zimeshapita, lakini anayechelewa anaandika na sababu ya kuchelewa, haachi. Ongea na wakili wiki hii.

Mwanafunzi, Maseno

Niaje fundi, nasoma kompyuta sayansi mwaka wa pili, laptopu yangu ni Home na darasani kila mtu anasema bila Pro hutoboi kwa sababu ya Hyper-V, ile ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta. Ni ukweli?

Jibu: Kijana, Hyper-V kamili ni ya Pro, hapo wanasema kweli. Lakini huihitaji. VirtualBox inafanya kazi hiyohiyo, ni ya bure na inatembea kwa Home. WSL, ile ya kukupa Linux ndani ya Windows, inatembea kwa Home hadi toleo lake la pili. Docker Desktop, ya kuendesha programu ndani ya vifurushi vyake, inapanda juu ya hiyo WSL, nayo inakubali Home. Utakachokosa kweli ni Windows Sandbox, kile kidirisha cha kujaribia programu usiyoiamini halafu ukifunga kila kitu kinayeyuka, ni kizuri lakini si cha kukufanya ulale njaa. Wenzako wakikuambia Home inakubali ramu ya GB 128 peke yake na Pro inafika TB 2, waulize wao wako na ngapi.

Mwalimu, Kimilili

Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Laptopu niliinunua mpya miaka mitatu iliyopita ikiwa na Home. Desemba ikawa nzito nikampelekea fundi mmoja hapa sokoni akafomati akaniambia amenitunuku Pro bure, zawadi ya Krismasi. Tangu shule zifunguliwe kwa kona ya skrini kumeandikwa Activate Windows na siwezi hata kubadilisha picha ya nyuma. Kuna mtu wa WhatsApp anauza ufunguo wa Pro wa maisha kwa 1,000. Fundi naye anasema nirudi aweke kaprogramu ka kuondoa hayo maandishi, ila lazima kwanza azime antivirusi. Nifuate nani?

Jibu: Mwalimu, usifuate hata mmoja, rudi ulikotoka.

Laptopu yako ilinunuliwa na Home, maana yake ufunguo ulio ndani ya madabodi ni wa Home. Fundi akaja na flashi yake yenye Pro peke yake akaiweka juu. Sasa ile Pro kila ikiamka inauliza ufunguo wangu uko wapi, madabodi inajibu mimi niko na wa Home, hawaelewani. Wewe leseni yako hujapoteza, umevalishwa kiatu cha mtu mwingine tu. Ikiwekwa Home tena itakubali yenyewe ikipata intaneti, na hutalipa leseni, utalipa jasho la fundi. Ubaya ni kwamba kupanda kutoka Home kwenda Pro ni rahisi lakini kushuka kutoka Pro hadi Home faili hazibaki, ni kuweka upya. Kwa hivyo kabla ya yote nakili maksi, skimu na zile karatasi za mtihani kwa hard disk ya nje, kisha fungua hiyo hard disk kwa kompyuta nyingine uhakikishe zinafunguka kweli, si majina tu.

Huyo wa WhatsApp. Pro halali Marekani ni dola 199.99, Home ni 139, sasa mtu anayekuuzia kitu hicho kwa shilingi 1,000 jiulize yeye amekitoa wapi. Mara nyingi ni ufunguo wa taasisi unaogawiwa watu mia kinyume cha mkataba, unafanya kazi hadi siku Microsoft waufunge, na siku hiyo namba yake ya WhatsApp nayo haipatikani.

Na hako kaprogramu. Ofisi kubwa huwa na seva yao ya kuthibitisha leseni za mashine zote, inaitwa KMS, na kila mashine lazima irudi kujiripoti, ikikaa siku 180 bila kuiona hiyo seva leseni inakatika. Vile vikaprogramu vinajifanya ndio seva, ndani ya laptopu yako mwenyewe. Kwa hivyo maisha yenyewe ni ya miezi sita sita. Ukitaka kuona kama umefanyiwa hivyo bonyeza Windows na R, andika slmgr /xpr, ikikuletea tarehe ya kuisha basi ndiyo hiyo. Isipoleta tarehe pia si cheti cha uhalali, kuna ujanja mwingine usioacha tarehe, lakini tarehe ukiiona usibishane nayo. Na mtu anayesema zima antivirusi kwanza ni kama anayekuambia fungia mbwa ndio nije usiku nikutengenezee mlango.

Mama wa saiba, Kakamega

Niko na saiba karibu na chuo, mashine kumi, zote Home. Wateja wanabadilisha picha, wanaweka magemu, wanaacha eCitizen na iTax zao wazi, na apdeti zinakula bando mchana wateja wakiwa ndani. Kijana wa kuniuzia anasema nikiweka Pro zote shida imeisha.

Jibu: Mama, zidisha 13,000 mara kumi kwanza unywe maji.

Shida zako nyingi zinaisha leo bila kulipa. Kila mashine iwe na akaunti mbili, moja yako ya msimamizi yenye paswadi, nyingine ya mteja ambayo ni ya kawaida, kwa Windows inaitwa Standard. Ya kawaida haiwezi kuweka programu zinazogusa mashine nzima bila paswadi yako. Brauza wafungulie kwa upande wa mgeni, Guest, kwa Chrome iko pale kwenye kapicha ka wasifu juu kulia, wakifunga madirisha yote ya Guest historia na akaunti walizofungua zinafutika na mtu hapati iTax ya mwenzake. Apdeti nazo, ingia kwa mipangilio ya waifai uweke Metered connection, Windows itapunguza sana kujipakulia, na hata kwa Home unaweza kuzisimamisha hadi wiki tano, halafu Jumapili umefunga duka uziache zishuke zote. Lakini msizizuie milele, saiba ni mahali flashi za mji mzima zinapokutana.

Pro ina nini zaidi kwako? Ina gpedit, pahali pa kufungia mambo moja moja, mteja asiguse Control Panel, asibadilishe picha, na inaweza kuchelewesha matoleo makubwa hadi siku 365. Ina pia njia ya kufungia mashine ionyeshe programu moja tu, ambayo ni nzuri kwa ile ya kuprinti peke yake. Ni vizuri kuwa navyo lakini si kwa 130,000. Hizo mashine zikizeeka, badilisha moja moja na ex-UK zenye Pro yake.

Za haraka haraka

*Pro ni nyepesi kuliko Home?* (Section 58, Nakuru.) Hapana. Injini ni moja. Laptopu ikiwa nzito angalia kama bado inatumia hard disk ya kuzunguka, weka SSD, utadhani ni mpya. Nafikiri hii heshima ya jina Pro ilianzia kwa XP ya 2001, ndiyo iliyoleta Home na Professional, na mafundi wakatuwekea Professional kila mahali kwa ile CD iliyoandikwa na kalamu, hakuna aliyekuwa analipa tofauti.

*Laptopu yangu inasema Home Single Language, nimeibiwa?* (Webuye.) Hujaibiwa, ni Home ya kawaida ila lugha ya menyu ni moja. Kuandika Kiswahili kwa Word haikuzuii, ila ukitamani menyu zote ziwe za Kiswahili hiyo itakataa.

*Niko na agrovet Luanda na nyumba Kisumu, nataka kuona kompyuta ya duka nikiwa nyumbani, wananiambia lazima Pro.* Mzee, ni kweli Home haikubali kuingiliwa kwa Remote Desktop, inaweza kwenda kwa wengine lakini haipokei wageni. Lakini hata ukilipa Pro, laini nyingi za simu hazikupi anwani yako mwenyewe ya intaneti, kwa hivyo ukiwa Kisumu hutaifikia hivi hivi. Na usikubali mtu akufungulie mlango wa 3389 kwa ruta, ule ambao Remote Desktop hupitia, wezi hupita hapo kila saa wakijaribu paswadi. Weka Chrome Remote Desktop, ni ya bure na inatembea kwa Home.

Mke wa mtu, Shinyalu

Fundi nisaidie nimekwama. Laptopu niliipeleka ikaguswe BIOS, ile programu ya kuiwasha mashine, kwa sababu ilikuwa inachelewa kuwaka, ilivyorudi inaleta skrini ya buluu inataka recovery key ya namba arobaini na nane. Sijawahi kuweka kitu kama hicho, hata nilinunua Home ndio nisiwe na mambo ya BitLocker. Fundi anasema tufute kila kitu. Picha za harusi ya mama ziko humo.

Jibu: Mama, mwambie fundi atoe mkono kwanza, asifute.

Ni ile Device encryption niliyomwambia daktari wa Kondele, ilijiwasha siku ya kwanza laptopu ilipoingizwa akaunti, na hukuulizwa vizuri. BIOS ikiguswa ama madabodi ikibadilishwa, mashine inadhani imeibiwa inaitisha ufunguo wa akiba. Ufunguo huo uko kwa akaunti ya Microsoft iliyotumika siku hiyo. Chukua simu, fungua account.microsoft.com/devices/recoverykey, ingia na ile imeili na paswadi yake, utaona orodha. Kwa skrini ya buluu kuna kitambulisho cha ufunguo, linganisha herufi nane za kwanza na zile za kwenye orodha, zikifanana andika zile namba 48 kwa karatasi pole pole, ziko kwa mafungu manane ya sita sita, kisha ziingize. Bila huo ufunguo hakuna fundi anayeweza kuzitoa picha, awe wa Kakamega awe wa Nairobi, atakayekuambia anaweza anataka dipoziti tu.

Sasa swali ni imeili ya nani. Umesema chini ya barua kwamba aliyekuwekea ni shemeji yako aliyeko Doha, na wewe hukumbuki kuandika imeili yoyote. Basi nadhani aliweka yake. Saa ya Doha na ya Shinyalu ni moja, mpigie jioni akitoka kazi, afungue akiwa na wewe kwa simu na akusomee fungu moja moja.